Dereva akimgonga mwenzake makusudi, sekunde kumi zinatosha?

Gia ya Tano (mleta mada)

Wakuu, habari za leo.

Naomba tulijadili hili bila ushabiki wa timu, japo najua baadhi yenu hamtaweza.

Barcelona, Juni 1, 2025. Mbio za magari za Formula 1 (F1) zinaelekea ukingoni, gari la usalama (lile linalowaongoza wote polepole kukiwa na hatari barabarani) limetoka tu kuondoka, magari yamebanana. Max Verstappen anaambiwa na timu yake ampishe mpinzani wake Russell. Anapunguza mwendo, Russell anaingia ubavuni kwake, kisha jamaa anakanyaga mafuta na kumgonga. Mvua haikuwepo, breki hazikufeli, na Russell alikuwa anaonekana wazi kabisa. Wasimamizi wakamwongezea sekunde kumi kwenye muda wake, na alama tatu za adhabu kwenye leseni.

Sekunde kumi ni adhabu ile ile anayoweza kupewa dereva aliyechelewa kufunga breki akamgusa mwenzake kwa bahati mbaya. Yaani aliyeteleza na aliyekusudia wanasimama foleni moja. Hapo ndipo napata shida. Hoja yangu ni kwamba kosa la makusudi litengwe kabisa na makosa mengine. Ukithibitika umemgonga mtu kwa kutaka, matokeo yako ya siku hiyo yanafutwa na mbio zinazofuata unaziangalia kwenye televisheni kama sisi.

Karibuni.

---

Mzee wa Gridi

Mkuu, umegusa kidonda cha zamani. Mimi nimeanza kufuatilia haya mambo enzi za Senna na Prost, na nakwambia hakuna mwaka ambao wasimamizi walikuwa na msimamo mmoja.

Suzuka 1989 hao wawili waligongana, Senna akasukumwa, akapitia njia ya kutokea kurudi barabarani, akashinda, akaondolewa kwenye matokeo. Juu yake faini ya dola 100,000 na kufungiwa miezi sita, adhabu ambayo haikutekelezwa. Mwaka uliofuata, Suzuka hiyo hiyo, akamwingilia Prost kwenye kona ya kwanza kwa mwendo wa kutisha, wote wawili nje, ubingwa wake. Adhabu? Hakuna. Mwaka 1991, alipokwisha kuutia kibindoni ubingwa mwingine, akatamka mwenyewe kwamba alikusudia. Bado hakuna kilichofanyika.

Adelaide 1994, Schumacher na Damon Hill. Schumacher alikuwa mbele kwa pointi moja, akagusa ukuta, akarudi barabarani, Hill akajaribu kupita, wakagongana. Wote nje, Schumacher bingwa kwa pointi hiyo moja. Waamuzi wakasema ni tukio la kawaida la mbio.

Jerez 1997 akarudia kwa Villeneuve. Safari hii yeye ndiye aliyeishia kwenye kokoto na Villeneuve akaendelea hadi kuwa bingwa. Hapo ndipo FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, ikaamka: ikamfuta Schumacher kwenye msimamo wa ubingwa wa mwaka mzima na kumpa kazi ya kushiriki kampeni ya usalama barabarani. Mbio alizoshinda hakunyang'anywa hata moja. Mwaka uliofuata alikuwa gridini (pale magari yanapopangwa kuanza) kama kawaida. Walichomchukulia ni nafasi ya pili. Nani pale alikuwa anaitaka nafasi ya pili?

---

Matairi Laini

Nilijua tu uzi utaanza na Max 😂

Mleta mada, umesimulia nusu ya habari. Zile "sekunde kumi tu" zilimtoa nafasi ya tano hadi ya kumi. Nafasi ya tano ni pointi kumi, ya kumi ni pointi moja. Tisa zimeondoka. Mwisho wa msimu Norris akawa bingwa na pointi 423, Max 421. Piga hesabu mwenyewe. Dereva kapoteza ubingwa wa dunia kwa pointi mbili baada ya kunyang'anywa tisa kwa kosa moja, halafu wewe unasema hakuadhibiwa? Tena alibakiza alama moja tu ya leseni afungiwe.

Mnachotaka ninyi ni damu, si haki.

---

Gia ya Tano

Matairi Laini, nashukuru kwa hesabu, maana umenisaidia.

Kwa nini sekunde kumi zilimgharimu nafasi tano? Kwa sababu gari la usalama lilikuwa limekusanya kundi zima na mbio zilibaki na raundi chache. Kama pengo nyuma yake lingekuwa nusu dakika, angemaliza palepale wa tano na wewe usingekuwa na hesabu ya kuleta.

Nenda Silverstone 2021. Hamilton anamgusa Max kwenye kona ya Copse, Max anaingia ukutani kwa mshtuko wa 51G, anapelekwa hospitali. Hamilton akapewa sekunde kumi hizo hizo. Akazitumikia wakati wa kubadilisha matairi, akamfukuza Leclerc, akampita zikiwa zimebaki raundi mbili, akashinda mbio na pointi 25. Sisemi alikusudia, ile ilikuwa kona ya kugombania. Ninachosema ni kwamba adhabu ile ile kwa mmoja haikuwa kitu na kwa mwingine ilibeba ubingwa. Hiyo ni bahati nasibu.

---

Kichwa Ngumu

Afadhali hata sekunde. Adhabu ya kurudishwa nyuma kwenye gridi ndiyo kichekesho zaidi.

Monza 2021, gari la Max likapanda juu ya gari la Hamilton, tairi likagota kwenye ile halo, kinga iliyo juu ya kichwa cha dereva. Wasimamizi wakamkuta Max na kosa zaidi, wakamrudisha nafasi tatu kwenye mbio zinazofuata, Sochi. Timu yake, Red Bull, walifanya nini? Wakaona isiwe tabu, wakabadilisha injini wikendi hiyo hiyo, jambo ambalo kwa kanuni linakupeleka mwisho wa gridi. Ukishakuwa wa mwisho utarudishwa wapi tena? Zile nafasi tatu zikamezwa. Akaanza wa 20, akamaliza wa pili.

Na Magnussen pale Jeddah 2024! Alikuwa na adhabu mbili za sekunde kumi kumi, mbio zake zimekwisha kabisa. Basi timu ikamgeuza kizuizi. Akawashikilia wenzake nyuma yake, raundi baada ya raundi, ili Hülkenberg, mwenzake wa timu ya Haas, apate nafasi ya kwenda piti (kubadilisha matairi) na kurudi mbele yao. Hülkenberg akamaliza wa kumi, Haas wakapata pointi yao. Ukishakuwa na sekunde 20, ya 21 haikuumi tena. Mimi ningekuwa bosi wa timu ningefanya hivyo hivyo, sijifichi.

---

Ndugu Kokoto

Kwa hiyo adhabu imekuwa ushuru. Unalipa unapita 😂😂

---

Binti Usukani

Mnazungumza F1 tu kana kwamba dunia nzima ni F1. Wamarekani kwenye NASCAR, mbio zao za magari, wana mila ya kugongana kuliko mchezo wowote wa magari wa daraja lile, lakini kwenye hili la makusudi wamewazidi FIA kwa mbali.

Kenseth 2015, Martinsville: alimsubiri Logano huku yeye mwenyewe yuko nyuma raundi kadhaa, akamtoa. Akafungiwa mbio mbili. Bubba Wallace 2022, Las Vegas, alimgonga Larson: mbio moja. Chase Elliott 2023, Charlotte, alimkata Hamlin kwenye kona ya nyuma kulia ya gari lake: mbio moja. Huyo Elliott ndiye dereva anayepigiwa kura nyingi na mashabiki kule mwaka baada ya mwaka. Kumkalisha ni kupoteza watazamaji, na wakamkalisha.

Kwa wasiofahamu, ile kugusa kona ya nyuma kulia si mguso wa kawaida. Gari lililoguswa pale pua yake inageukia upande wa ukuta wa nje, na linaingia kichwa-kichwa likiwa na kasi yote. Ndiyo maana hawana masihara nayo.

Na usiniulize nia ilijulikanaje. Gari linarekodi pembe ya usukani, mafuta na breki. Mtu aliyepoteza gari huonekana akipambana kulirudisha. Aliyekusudia mikono yake inaelekea kwa mwenzake. Hata F1 waliwahi kufanya hivyo. Monaco 2006, Schumacher aliposimamisha gari pale kona ya Rascasse dakika za mwisho za kupanga gridi ili wenzake wasimalize raundi zao, alisema amekosea kona. Wasimamizi wakakaa na data hadi usiku, wakaona breki zile hazina maelezo, wakampeleka mwisho wa gridi. Kwa hiyo uwezo upo tangu zamani.

---

Ukweli Mtupu

Binti Usukani, nakuunga mkono nusu. Hiyo habari ya nia ina mlango wa nyuma.

Machi 2023, Phoenix, Hamlin alimbana Chastain ukutani. Siku hiyo hakuna aliyeadhibiwa. Baadaye Hamlin akaenda kwenye kipindi chake mwenyewe na kusema wazi kwamba alifanya kwa kutaka. Haraka sana: pointi 25 na faini ya dola 50,000. Akakata rufaa, akashindwa.

Sasa niambie, madereva wengine wote wamejifunza nini pale? Wamejifunza kufunga mdomo. Senna alikaa kimya mwaka mzima, ubingwa ukabaki kwake. Hamlin akasema ukweli wiki ile ile, akalipa. Ukiifanya nia kuwa ndiyo kipimo, unamtoza mkweli.

---

Binti Usukani

Ndiyo maana nimesema data, si mdomo. Hamlin angekamatwa siku ile ile kama wangeangalia vizuri.

---

Ukweli Mtupu

"Kama wangeangalia." Hapo ndipo penye kazi. Data ya Elliott ilikuwa wazi, sawa. Lakini gombea nafasi kwenye kona, magurudumu kwa magurudumu, mmoja akaachia gari litanuke kidogo mwenzake akakosa barabara, hiyo ni nia au ni ushindani? Mexico 2024 Max alimsukuma Norris nje mara mbili ndani ya raundi moja, akala sekunde 20. Makusudi? Hakika alitaka Norris asipite. Ndiyo kazi yake. Kwa kanuni ya mleta mada tungemfutia matokeo na kumfungia, halafu tusishangae wiki ijayo wote wakiendesha kama msafara wa harusi.

---

Mzee wa Gridi

Kuna jambo lingine mmelipita: madhara. Wasimamizi wa F1 wanasema wanaadhibu tendo, hawaangalii lilichosababisha. Kimaandishi ni sawa kabisa, maana dereva hachagui mwenzake ataangukia wapi.

Lakini Spa 2012, Grosjean alipombana Hamilton kwenye mwendo wa kuelekea kona ya kwanza, gari lake likaruka karibu na kichwa cha Alonso. Alonso ndiye aliyekuwa anaongoza ubingwa. Wakamfungia Grosjean mbio moja, Monza, na faini ya euro 50,000. Na kwenye maelezo yao wakaandika wenyewe kwamba tukio lilitoa nje wagombea wakuu wa ubingwa. Sasa hilo si madhara ni nini? Angewatoa wawili wa mkiani wangempa kifungo kile?

Alonso akaukosa ubingwa mwaka ule kwa pointi tatu, 278 kwa 281 za Vettel. Kwa hiyo Matairi Laini, na yeye ana hesabu zake za kulilia. Tofauti ni kwamba yeye ndiye aliyegongwa.

---

Matairi Laini

Mzee, hilo nimelipokea 😂 Ila bado.

---

Kichwa Ngumu

Mfumo wa alama za leseni nao tuuseme. Umeanza 2014: ukifikisha alama 12 ndani ya miezi 12, unakosa mbio moja. Miaka kumi nzima hakuna aliyefika, hadi Magnussen huyo huyo, Septemba 2024. Na alama mbili za mwisho alizipata Monza kwa kumgusa Gasly, mguso ambao Gasly mwenyewe alishangaa kusikia umemfungia mwenzake. Akakosa Baku, Bearman akakaa kwenye kiti chake na kumaliza wa kumi.

Sasa linganisheni. Aliyefungiwa ni aliyedunduliza makosa madogo madogo ya kugombania nafasi za mkiani. Vettel alimsogelea Hamilton ubavuni nyuma ya gari la usalama, Baku 2017, akamgonga kwa hasira mchana kweupe, akapata kusimama sekunde kumi na alama tatu. Akamaliza wa nne, Hamilton wa tano kwa sababu egemeo la kichwa kwenye kiti chake lililegea. Baadaye Vettel akaomba radhi, FIA ikafunga jalada. Mwenye hasira katoka mbele ya aliyegongwa!

---

Dada wa Piti

Nyie mnajadili magari yanayogongana, wenzenu wanatozwa kwa mdomo.

Verstappen alitukana kwenye mkutano wa waandishi Singapore, Septemba 2024, wala hakumtukana mtu, alikuwa analisema gari lake. Akapangiwa kazi ya kijamii, akaenda kuifanya Kigali Desemba, na vijana wa chama cha magari cha Rwanda. Leclerc akateleza ulimi Mexico, euro 10,000, nusu yake ikawekwa kiporo. Januari 2025 FIA wakatoa jedwali kabisa: kwa dereva wa F1 kosa la kwanza euro 40,000, la pili 80,000, la tatu 120,000 na kufungiwa mwezi. Fourmaux wa mbio za rali akawa wa kwanza kuonja, Sweden, kwa neno moja mwisho wa mashindano. Madereva wa rali wakaungana wakagoma: kwenye mahojiano ya mwisho wa hatua wakakaa kimya au wakajibu kwa lugha zao za nyumbani. Mei wakapunguza kiwango cha msingi kwa nusu na kukubali kwamba mtu aliye ndani ya gari na jazba yake si sawa na aliyekaa mbele ya kipaza sauti.

Mimi kazi ya kijamii naipenda kuliko faini. Faini kwa mtu anayelipwa mamilioni ni hewa, na kwa dereva wa rali anayejitafutia wadhamini ni msiba. Kiasi kilekile, watu wawili tofauti. Hiyo ndiyo dhuluma halisi na hamuizungumzi.

---

Ndugu Kokoto

Dada umeua.

---

Kocha wa Karti

Nafundisha watoto kwenye karti (vile vigari vidogo vya mbio), naomba niseme la huku chini.

Lonato, Oktoba 2020, Luca Corberi alitolewa kwenye mbio, akasubiri pembeni na bampa lake mkononi, akamrushia aliyemgonga wakati anapita, kisha mbio zilipokwisha wakapigana. FIA ikamfungia miaka 15. Wengi walipiga makofi. Mimi sikuona ubaya kufungiwa, nilijiuliza tu kipimo. Kutupa bampa kutoka pembeni ni miaka 15, kumgonga mtu kwa gari zima la tani moja na nusu kule NASCAR ni wiki moja?

Halafu Dan Ticktum. 2015, Silverstone, akiwa na miaka 16, aligongwa, akarudi barabarani, akayapita magari kadhaa wakati wa gari la usalama ili tu amfikie aliyemgonga na kumlipizia. Waingereza wakamfungia miaka miwili, mmoja ukiwa wa angalizo tu, si wa kutumikia. Alikaa nje mwaka mzima, akarudi, akashinda Macau 2017 na 2018. Mwaka mmoja kwa mtoto ni mrefu sana: mwili unakua, wenzako wanapanda madaraja, wadhamini wanaondoka. Na bado aliweza kurudi. Vijana wangu nikiwaonyesha Corberi wanacheka, wanaona ni mwendawazimu. Nikiwaonyesha Ticktum wananyamaza, kwa sababu wanaijua ile hasira.

---

Gia ya Tano

Nimewasoma wote. Ukweli Mtupu kanibana kwenye nia, Mzee wa Gridi kanipa ninachokitafuta bila kujua, pale aliposema Schumacher alinyang'anywa nafasi ya pili ambayo hakuitaka.

Kuna kesi moja naiona ndiyo mfano bora. Austin Dillon wa NASCAR, Richmond, Agosti 2024. Raundi ya mwisho akamgonga Logano akageuka, kabla ya mstari akamkata Hamlin kwenye ile kona ya nyuma kulia, akashinda. Wakati ule ushindi kule ulikupa tiketi ya hatua ya mtoano, na Dillon bila ushindi ule alikuwa hana matumaini. NASCAR wakasema: kombe baki nalo, ushindi umeandikwa, lakini tiketi hatukupi. Rufaa yake ikagonga mwamba.

Hicho ndicho ninachokitaka sasa. Msimamizi ajiulize huyu alikuwa anafuata nini, akichukue hicho. Schumacher wa Monaco alitaka nafasi ya mbele ya gridi, wakampeleka mwisho. Imekaa sawa. Schumacher wa Jerez alitaka ubingwa ambao tayari alikuwa ameshaukosa, ndiyo maana adhabu haikumpata popote. Magnussen wa Jeddah alitaka pointi ya Hülkenberg. Basi pointi ya Hülkenberg ndiyo iondolewe, si kumwongezea Magnussen sekunde. Hapo hata timu zitaacha kufanya mahesabu ya ushuru.

---

Kichwa Ngumu

Kumwadhibu Hülkenberg ambaye hakugusa mtu? Hapo siko nawe.

---

Gia ya Tano

Pointi ni ya timu pia. Na timu ndiyo iliyopanga.

---

Matairi Laini

Sawa mkuu, tumia kanuni yako Barcelona. Max alikuwa anafuata nini pale? Nafasi? Alikuwa ameshaambiwa aiachie. Pointi? Kumgonga Russell kungeweza kumvunjia gari lake mwenyewe. Hakuna alichokuwa anakitafuta, ile ilikuwa hasira tupu, na mwenyewe aliandika kesho yake kwamba haikupaswa kutokea. Ni kama Vettel wa Baku. Utamnyang'anya nini mtu ambaye hakutaka kitu?

---

Binti Usukani

Huyo ndiye unayemkalisha wiki moja. Aliyepiga hesabu unamchukulia faida, aliyepandwa na hasira unamtoa kwenye gari hadi ipoe. Kenseth hakupata chochote pale Martinsville, ndiyo maana hawakuhangaika na pointi zake, walimweka nje.

---

Mzee wa Gridi

Wiki ipi lakini? 1994 Schumacher alifungiwa mbio mbili kwa kudharau bendera nyeusi (ya kumtoa dereva mbioni) Silverstone, akazikosa Monza na Estoril, na Hill akashinda zote mbili. Ndiyo iliyofanya mambo yafike Adelaide kwa pointi moja. Ukimkalisha mtu mwezi wa tatu, na ukimkalisha mbio ya mwisho anapogombea ubingwa, hizo ni adhabu mbili tofauti kwa kosa moja. Na ndiyo ile bahati nasibu mleta mada aliyoanza kuilalamikia.

---

Gia ya Tano

Mzee, hilo nalikubali na bado namkalisha. Asingependa kukosa mbio ya mwisho, amwache mwenzake apite.